Kucha Zangu na Kiti cha Kumi na Mbili

Mwanaume wa Goma hupimwa kwa viatu. Sisemi hivyo kwa kujisifu, ingawa najisifu pia. Mji wetu umekaa juu ya mawe meusi ya volkano, vumbi lake ni jeusi na tope lake ni jeusi zaidi. Ukimwona mtu anafika kazini saa moja asubuhi na viatu vinavyong'aa, ujue ametembea na kitambaa mfukoni na amekipitisha viatuni kabla ya kuingia getini. Mimi ndiye mtu huyo. Nimefundisha Kifaransa katika shule moja ya sekondari ya Keshero kwa miaka kumi na tisa. Wanafunzi wangu wanaweza kusahau vitenzi vyote nilivyowafundisha, lakini viatu vyangu hawatavisahau.

Ndani ya viatu hivyo kulikuwa na habari nyingine.

Ilianza na kidole gumba cha mguu wa kulia. Ukucha ulipata doa la njano pembeni, dogo kama tone la mafuta ya mawese. Nikadhani nimejikwaa kwenye jiwe, maana huku kwetu nani hajajikwaa? Baada ya miezi kadhaa njano ilikuwa imeenea ukucha mzima, ukawa mnene, ukaanza kumeguka kama mkate mkavu. Kidole cha pili kikaiga. Halafu mguu wa kushoto nao ukaona haya kubaki nyuma. Katikati ya vidole ngozi ilikuwa nyeupe, inabambuka na kuwasha, na kuwasha huko kulichagua saa zake. Kulipenda sana saa ya ukaguzi, mkaguzi amekaa nyuma ya darasa na daftari lake, na mimi huku mbele nasugua kiatu juu ya kiatu nikijifanya nafikiri.

Nikaficha. Kwa miaka miwili sikufanya kazi nyingine kwa bidii kama hiyo. Nilioga nimefunga mlango, nilivaa soksi nyumbani, na nililala na soksi. Mke wangu nilimwambia kwamba baridi ya siku hizi imezidi, sijui ni ziwa, sijui ni mvua. Mke wangu ni mzaliwa wa Butembo, kule juu ambako baridi ni baridi kweli, kwa hiyo maelezo yangu aliyasikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

"Papa, hizi shoseti utazitosha lini?" aliniuliza. "Ao tutakuzika nazo?"

"Miguu inasikia baridi. Unajua miye ni mutu wa Kiwanja, kwetu kuko joto."

"Uko hapa Goma miaka makumi tatu. Hiyo joto ya Kiwanja haiyakutoka?"

Nilivuta blanketi.

Kila nyumba huku ina jiwe la kusugulia miguu. Si jiwe la kununua, ni kipande cha lava chepesi chenye matundu matundu, unakiokota popote. Kinakaa bafuni pembeni ya ndoo, na nyumba nzima inakitumia, baba, mama, watoto, hata mgeni aliyelala siku moja. Wembe wa kukatia kucha uliponishinda niligeukia jiwe letu. Kila asubuhi niliusugua ukucha mpaka ukatoa unga, nikalimwagia jiwe maji kidogo na kulirudisha mahali pake. Nilijiona nina akili nyingi sana. Kumbe kwa miezi mitatu nilikuwa nawagawia watu wa nyumbani kwangu ugonjwa wangu, kwa mkono wangu mwenyewe.

Binti yetu mdogo ndiye aliyelipa. Alitokwa na duara jekundu juu ya mguu, lenye magamba pembeni, akawa anajikuna hadi kwenye misa. Mama yake akampeleka kwa mfamasia wa barabara yetu. Mfamasia akaliangalia duara, akampa mafuta ya kupaka, kisha akauliza swali moja tu: nyumbani ni nani mwenye shida ya miguu?

Mke wangu alirudi, akasimama mbele yangu. Nilikuwa nasahihisha mitihani.

"Tosha," alisema, akionyesha soksi.

Nikazivua. Nilikuwa tayari kwa kelele, hata majibu nilishayaandaa kichwani. Yeye alichuchumaa, akakamata mguu wangu, akauangalia kwa muda mrefu.

"Miaka mbili ulikuwa na hii mambo?" alisema. "Peke yako?"

Hapo niliona haya kuliko ambavyo ningeona angenitukana. Kisha akainuka, akaenda bafuni, akalichukua lile jiwe na kulitupa nje ya uzio, likajiunga na ndugu zake wote ambao mji huu umejengwa juu yao. Kesho yake asubuhi nilikuwa kwa mfamasia.

Mfamasia alikuwa mwanafunzi wangu zamani, na sikumbuki kama nilimpa alama nzuri. Aliomba nivue viatu pale pale nyuma ya kaunta. Akaangalia, akatikisa kichwa.

"Ni champignon, Prof, ile kuvu. Iko mu kucha na iko mu ngozi. Ilikuwa inakula pole pole, na weye ulikuwa unaifunikia vizuri mu viatu, kwenye joto na jasho."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Hawakutaja soksi za nailoni, lakini nadhani walizifikiria. Mfamasia alinituma kwanza kwa daktari kupima damu, kwa sababu vidonge vya ugonjwa huo havinywewi hivi hivi. Niliporudi na karatasi ya daktari akanipa vidonge na dawa ya kupaka, na masharti. Soksi za pamba, safi kila siku. Viatu jozi mbili, moja ivaliwe na nyingine ikae juani. Kukausha katikati ya vidole kama mtu anayepangusa vikombe vya wageni. Na taulo langu peke yangu, lisiguswe na mtu mwingine.

"Taulo njo barabara yake," alisema. "Hiyo ugonjwa haina miguu yake, inatembeaka na taulo, na jiwe, na viatu ya kuazima."

"Nitapona lini?"

"Ukucha ya muguu haina haraka, Prof. Hesabu mwaka."

Nikahesabu. Binti yetu alipona ndani ya wiki chache na kusahau kabisa. Mimi niliendelea, na mwezi wa tano wa dawa niliona chini kabisa, pale ukucha unapotoka kwenye nyama, mstari mwembamba wa waridi. Nilimwita mke wangu aje aone. Alikuwa anakaanga sambaza, dagaa wa ziwa letu, akaja na mwiko mkononi, akainama na kusema kwamba hata watoto wetu walipozaliwa sikuwa na furaha kama hiyo. Huo ulikuwa uongo, lakini si mkubwa.

Basi nilikuwa katika hali hiyo, nusu mgonjwa na nusu mzima, Kwaresima ilipofika ukingoni na shirika letu likakutana. Shirika ni jumuiya yetu ndogo ya Wakristo, nyumba ishirini hivi za mtaa mmoja zinazosali pamoja kila wiki. Katika parokia yetu, siku ya Alhamisi Kuu padri anawaosha miguu watu kumi na wawili mbele ya kanisa zima, kama mitume, na kila shirika linatoa mtu mmoja. Mwaka huo kila mtu alijua jibu kabla ya swali kuulizwa.

"Prof," mama mmoja alisema.

"Prof!" wakaitikia wengine.

"Iko na miguu safi. Muangalie tu viatu yake."

Wakaangalia viatu vyangu. Mimi nilimwangalia mke wangu, naye alikuwa anaangalia bati la nyumba, midomo ameibana, mabega yanatikisika. Ningeweza kukataa papo hapo. Lakini watu ishirini walikuwa wananiangalia kwa heshima, na mimi heshima nimeizoea vibaya, kama wengine walivyozoea sukari. Nikasema nimekubali. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mimi nilikuwa nimevua kila kitu isipokuwa soksi.

Jumapili ya Matawi katekista alibandika orodha kwenye mlango wa kanisa. Jina langu lilikuwa la kwanza. Nikaelezwa kwamba kiti cha kwanza ndicho kinachotazama mlango mkuu, ndicho kinachopigwa picha nyingi, na katekista alitaka mtu wa kuonekana. Nikafurahi. Nilitembea hatua kama ishirini kuelekea nyumbani nikiwa na furaha hiyo, halafu nikasimama katikati ya njia.

Niliikumbuka Alhamisi Kuu ya mwaka uliopita. Beseni moja la bluu. Jagi moja. Taulo moja refu jeupe ambalo padri alijifunga kiunoni na kulipitisha kwenye miguu ya wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu, mpaka wa kumi na mbili. Taulo njo barabara yake. Na barabara hiyo safari hii ingeanzia kwangu.

Nikarudi kusoma orodha. Kulikuwa na bibi mmoja anayetembea kwa fimbo. Kulikuwa na msichana ambaye ndoa yake ilikuwa itangazwe baada ya Pasaka. Watu kumi na mmoja, na wote miguu yao ingekaushwa baada ya yangu. Nikisema, parokia nzima ingejua ndani ya saa mbili, na baada ya parokia shule, na baada ya shule wanafunzi wa darasa la tano, ambao hawana huruma. Nikinyamaza, ningewapa watu wale kile nilichompa binti yangu. Kwa siku tatu nilikuwa nachagua kati ya jina langu na miguu ya wenzangu, na naungama hapa kwamba mara mbili tatu jina langu lilishinda.

Nilimtafuta padri nimwambie kwa siri. Alikuwa amekwenda kuungamisha watu upande wa Rumangabo, angerudi Jumatano usiku. Nikamwambia mke wangu kwamba nitajifanya mgonjwa.

"Utasema uko mugonjwa, siku ya Alhamisi Kuu?" alisema. "Mungu anaweza kukusikia, akakupatia kabisa."

"Sasa nifanye nini?"

"Sema kweli. Mudomo uko nayo, unaitumia kila siku kwa watoto ya batu."

Ni rahisi kusema hivyo kama kucha si zako. Lakini usiku huo wazo lilinijia. Kama taulo ni barabara, basi anayekaa mwisho hamwambukizi mtu. Nilichohitaji ni kiti cha kumi na mbili tu.

Hapa lazima nieleze jambo la parokia yetu. Kiti cha kumi na mbili kinaitwa kiti cha msaliti. Hakuna padri aliyekiita hivyo. Ni watu wenyewe, kwa hesabu zao: mitume walikuwa kumi na wawili, mmoja wao aliuza mwenzake, na huyo lazima alikaa mwisho. Anayekikalia huchekwa mwaka mzima. Akipita sokoni anaulizwa leo amemuuza nani. Kwa hiyo kila mwaka kuna ugomvi mdogo, watu wazima wanasukumana kwa viuno ili wasikipate, na mwishowe kinamwangukia mgeni au mtu asiye na wa kumtetea. Mimi nilikuwa nimelicheka jambo hilo miaka mingi. Sasa nilikuwa nakwenda kukiomba.

Jumatano mchana tuliitwa kwa mazoezi. Nilifika mapema kabla ya wengine. Viti kumi na viwili vya plastiki vilikuwa vimepangwa mbele ya altare, na cha mwisho kilikuwa pembeni karibu na ngoma za kwaya. Juu yake amekaa mtu.

Alikuwa mama mfupi wa makamo, mwenye mikono minene na vitenge viwili, kimoja kiunoni na kingine mabegani. Nilimfahamu kwa sura. Anafua nguo za watu wa nyumba za kando ya ziwa, na mara nyingi nilimwona akipita na beseni kichwani lililojaa mashuka. Anatoka shirika jingine. Hatukuwahi kusemezana zaidi ya salamu ya jambo.

"Mama, samahani," nilimwambia. "Hiki kiti ni changu."

"Kiti ya musaliti?" alisema. "Tangu lini iko na mwenyewe?"

"Nimekichagua."

"Prof, weye uko wa kwanza. Jina yako iko pale ku mulango. Rudia kule mbele."

"Ya mbele nimeachia. Miye nitakaa hapa."

"Hapa niko miye. Nilimuomba katekista tangu dimanche ya Matawi."

Nilidhani ananitania. Mtu gani mwenye akili anaomba kiti kile? Nikamweleza kwa upole kwamba mwanamke mwenye heshima zake hapaswi kukaa hapo, nikamwonyesha cha tano, kizuri, karibu na maua. Akasema maua nikakae nayo mimi. Joto likanipanda. Nilishika mgongo wa kiti, yeye akashika kikalio cha kiti kwa mikono miwili, na nakiri kwamba nilikivuta kidogo, na yeye akiwa juu yake. Mikono ile imekamua mashuka kwa miaka mingi. Kiti hakikusogea.

Katekista alitukuta hivyo. Ni mzee mwembamba, mkali, anayetembea na daftari na filimbi, na filimbi anaipuliza hata ndani ya kanisa. Safari hii hakupuliza. Alituangalia, na macho yake yakajaa maji.

"Miaka makumi mbili na tano niko napanga hizi viti," alisema. "Batu banapigania ya kwanza. Leo naona batu banapigania ya mwisho!"

Akafungua daftari akaanza kuandika. Alisema atamwomba padri aongee juu yetu kesho kwenye mahubiri. Tungesimama, kanisa lituone, watoto wajifunze unyenyekevu.

Sitasema uongo: kwa nusu dakika nilipendezwa. Nilijiona nimesimama, nimeinamisha kichwa kidogo, si sana. Kisha nikamwangalia yule mama nione kama naye amependezwa, na nikaona amekunjamana. Alikuwa anaangalia sakafu, na miguu yake, iliyokuwa katika sandali za plastiki, alikuwa anairudisha nyuma chini ya kiti. Alichelewa. Niliona ukucha wa kidole gumba. Mnene, wa njano, umemeguka pembeni. Ningeutambua popote duniani.

Akaona kwamba nimeona. Akavuta kitenge kikafunika.

Nikainama kana kwamba nafunga kamba ya kiatu. "Mama," nilinong'ona, "ni ju ya taulo?"

"Miye niko mu maji kutoka asubuhi mpaka mangaribi," akasema kwa sauti ya chini. "Vidole haikaukake. Nikasema, nikikaa mwisho, sitaharibu mutu." Kisha akageuza jicho. "Na yako?"

"Miguu yote mbili."

Akaniangalia viatu, akaniangalia uso, na kicheko kikamtoka puani. Alijaribu kukizuia akashindwa, na mimi nikashindwa pia. Nilikuwa sijacheka juu ya kucha zile hata mara moja tangu doa la kwanza.

"Usione haya, Prof," alisema akijipangusa macho. "Miye nafulaka shoseti ya mutaa nzima, na shoseti haidanganyake. Ningekuwa na mudomo mubaya, hizi viti kumi na mbili zingebaki bila batu."

Katekista alikuwa bado anaandika. Mama akanigusa na kiwiko.

"Weye njo mwalimu. Sema."

Nimesimama mbele ya madarasa ya watoto sitini. Nimesimama mbele ya wakaguzi na wazazi waliokuja na hasira. Sijawahi kutafuta sauti kama nilivyoitafuta pale.

"Katekista," nilisema, "si unyenyekevu. Ni kucha."

Nikamweleza yote: ugonjwa, dawa, taulo. Wakati huo wenzetu walikuwa wameanza kuingia, na wapiga ngoma walikuwa nyuma yangu, wamenyamaza kwa adabu ile ya watu wasiotaka kukosa neno. Katekista alisikiliza. Akaangalia alichoandika, akakikata kwa mstari mmoja. Kisha akageuka kuelekea sakristia, ambako taulo refu jeupe lilikuwa limetundikwa kwenye msumari.

"Ile taulo," alisema pole pole, "iko tangu nilianza kazi."

Nadhani alikuwa anahesabu miguu. Halafu akaangalia viatu vyake mwenyewe, akakohoa, akapuliza filimbi.

"Musikilize bote! Mwaka huu kila mutu anakuya na taulo yake. Taulo moja, mutu moja. Ni usafi. Hakuna maulizo."

Hayakuwepo maulizo. Nilikwenda kuangalia kiti cha kwanza, nikakuta kimeshakaliwa na fundi cherehani wa shirika la pili, amekaa kama mtu aliyezaliwa hapo. Nikarudi nikakaa cha kumi na moja, pembeni ya mama.

Goma ni mji mkubwa lakini parokia ni ndogo. Alhamisi asubuhi nilipotoka kununua mkate jirani yangu alinisalimu akiangalia viatu. "Prof, miguu inasema nini?" Nilitaka kumjibu vibaya, na jibu nilikuwa nalo. Lakini nilijikuta namwambia kwamba inasema inapona, na kwamba kama ana swali ajue mfamasia yuko pale barabarani. Akacheka, kisha akaacha kucheka, akaniuliza kwa sauti ndogo kama farmasi inafungua siku ya leo.

Jioni tulipanda mbele, watu kumi na wawili na mataulo yetu. Ungedhani ni harusi. Fundi cherehani alikuwa amejishonea lake na kulizungushia utepe wa zambarau. Bibi wa fimbo alileta taulo jipya bado limo katika nailoni yake, akakataa kuitoa nailoni mpaka saa yake ifike. Msichana wa ndoa alileta moja la waridi lenye maua. Langu lilikuwa la bluu, la kawaida, mke wangu alikuwa amelipiga pasi mara mbili na kulikunja kama barua.

Kwaya ikaanza. Padri alivua vazi la juu, akapiga magoti kwenye kiti cha kwanza, akasogea hadi cha pili, akaja hivyo hivyo. Ilipofika zamu ya kumi nilivua soksi. Hewa ya kanisa ilinigusa vidole, na vidole vikajikunja vyenyewe. Kucha zangu zilikuwa na rangi mbili, waridi chini na njano juu, na kanisa lilikuwa limejaa mpaka nje. Padri akamimina maji. Akalichukua taulo magotini pangu, akakausha kidole kimoja kimoja, na katikati ya vidole pia, bila haraka. Akanirudishia. Sikuwa na la kufanya isipokuwa kupumua.

Akasogea kwa mama. Akamimina maji, akaosha mguu wa kulia na wa kushoto, akanyoosha mkono kuomba taulo. Magotini pa mama hapakuwa na kitu.

"Taulo?" nilimnong'oneza.

"Ya kwangu imepasuka," alisema bila kutikisa midomo. "Nilisikia haya ya kuibeba huku."

Nyumbani kwake asubuhi hiyo, aliniambia baadaye, palikuwa na mataulo kumi na manane kwenye kamba, mazito, meupe, ya watu wa kando ya ziwa. Hakugusa hata moja. Si yake, na alijua miguu yake ina nini.

Padri alikuwa amepiga magoti, mkono umenyooka. Kwaya ilimaliza ubeti, na ngoma zikasita. Mama akaanza kuvuta kitenge cha mabegani ajipanguse mwenyewe. Nikaangalia taulo langu lililolowa. Nilisikia kabisa sauti ya mfamasia. Kisha nikafikiri: huyu nitampa nini ambacho hana?

Nikalinyoosha. "Mama, iko na yangu ndani yake."

"Lete tu," alisema. "Sasa itakuwa na yetu."

Padri alituangalia mmoja baada ya mwingine. Nadhani katekista alikuwa amemwambia. Akalichukua, akalikunjua upande mkavu, akamkausha.

Misa ilipokwisha nilimkuta mlangoni. Taulo alikuwa amelikunja mkononi, na hakutaka kunipa. Nikamwambia si kitu, abaki nalo.

"Non, Prof. Nitakuletea dimanche, nimeichemusha." Alipitisha kiganja juu yake, kama anapima kitambaa. "Miye nafulaka mataulo ya batu tangu niko binti. Leo njo mara ya kwanza taulo ya mutu inanipanguza. Acha niifule muzuri."